JE, KRIKETI YAJENGA MWILI?

Siku ya wazazi ya muhula uliopita, mzee mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe alisimama nami kando ya kiwanja kwa muda wa ova nne hivi. Alitazama kwa adabu, mikono nyuma. Mwisho hakuweza kujizuia, akaniuliza, "Mwalimu, vijana hawa wanacheza, ama wanangoja basi?" Nikacheka, nikamwambia ya kuwa wanacheza. Akasema, "Mwanangu ndiye yule aliye kule mbali, karibu na mwembe. Tangu nifike sijamwona akiugusa mpira. Nanyi mwatuandikia barua kwamba michezo huleta afya. Haya, afya hiyo itamfikiaje kule mwembeni?"

Siku ile sikumjibu sawasawa, maana wageni walikuwa wakiitwa chakulani. Lakini swali lake lilikuwa la haki, nami nalijibu hapa kwa faida yake na ya wazazi wengine, na kwa faida ya wanafunzi pia. Nafundisha biolojia, na mchezo huu umewekwa mikononi mwangu, kwa hiyo sina udhuru.

Kwa wale wasioujua mchezo, nitaueleza kwa ufupi. Timu ni mbili, kila moja watu 11. Mrushaji huja mbio, huuzungusha mkono wake bila kuukunja kiwiko, na kuupeleka mpira kwenye vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini, ambavyo huitwa wiketi. Mpigaji huvilinda kwa gongo (nasema gongo la mti, si lile la chupani). Akiupiga mpira, yeye na mwenzake wa upande wa pili hubadilishana mahali kwa mbio, na kila safari moja ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani, hupewa mikimbio minne bila kukimbia. Mipira sita ni ova moja.

Basi, jambo la kwanza la kufahamu ni hili: katika mpira wa miguu karibu kila mtu hukimbia, lakini katika kriketi kazi zimegawanywa kama jahazini. Yuko anayeshika usukani, yuko anayepandisha tanga, yuko anayeteka maji ngamani mpaka mgongo wamuuma, na yuko aliyeketi akitazama upepo. Wote wamesafiri, lakini hawakuchoka sawa. Hivyo mtu akiuliza, "Kriketi yafaa afya?", hatuna budi kumwuliza kwanza, "Ya nani? Ya mrushaji, ya mpigaji, ama ya yule wa mwembeni?"

Mtaalamu mmoja, J. G. Fletcher, alipiga hesabu ya nguvu wanayotumia wachezaji wa kriketi, akaichapisha katika gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, mwaka 1955. Hesabu yake ilionyesha ya kuwa kwa wastani mchezo huu hauudai mwili mambo mengi. Watu wengi wameishikilia habari hiyo tangu siku hizo. Walakini wastani ni kitu cha hila. Mtu mmoja akila kuku mzima na jirani yake asipate hata paja, kwa wastani kila mmoja amekula nusu kuku.

Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Afrika Kusini, Tim Noakes na mwenzake Durandt, waliitazama kazi ya mtu mmoja mmoja. Walimchukua mpigaji wa kufikirika anayefunga mikimbio 100 katika mchezo wa siku moja. Wakaona ya kuwa mtu huyo atakimbia kiasi cha kilomita 3.2, na kwamba mbio hizo zote zikiunganishwa ni dakika 8 tu, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Tena katika mbio hizo itampasa kujizuia na kusimama ghafula si chini ya mara 110. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaweza kuijaribu hesabu hii wenyewe. Kutoka mstari mmoja wa mpigaji hadi wa pili ni mita 17.7 hivi. Ukikimbia mikimbio 30 yako na 30 ya mwenzako, umekwenda zaidi ya kilomita moja. Lakini si kilomita ya kutembea kwenda dukani. Umeikata vipande 60, na kila kipande umekiendea kwa nguvu zako zote, umevaa pedi miguuni na gongo mkononi, kisha umesimama, umegeuka, pengine umerudi.

Kusimama na kugeuka ndiko kunakouma siku ya pili. Musuli za paja hulazimika kuushika mwili usiendelee mbele huku zenyewe zinavutwa, na kazi ya namna hiyo huzikwaruza kuliko mbio za moja kwa moja. Zikipumzishwa hupona, zikawa imara zaidi. Moyo nao hujifunza kupanda upesi na kushuka upesi. Na mifupa ya kijana, ambayo bado inajengwa, hunufaika kwa vishindo vya kiasi, kama udongo wa sakafu unavyoshindiliwa ukawa mgumu.

Sasa tumrudie kijana wa mwembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za mwendo wa kuwafanya wahemwe, siku zote za juma. Aliyesimama mpakani alasiri nzima, kisha akapangiwa kupiga wa kumi na moja, asipigwe hata mpira mmoja, hakuzipata dakika hizo. Nasema kweli bila kuficha: mzee yule alikuwa na haki. Afya haikumfikia mwanawe. Lakini kosa ni la mpangaji, si la mchezo. Tangu muhula huu vidato vya chini wanacheza wanane kwa wanane, si kumi na mmoja. Kila mtu anarusha angaa ova moja, kila wawili wanapiga kwa idadi ya ova iliyowekwa hata wakitolewa, na baada ya kila ova watu wanahama mahali kwa mbio. Wazee wa kriketi wakiona hivyo watanung'unika. Na wanung'unike.

Nije kwa mrushaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo lilipo kosa langu mwenyewe.

Mrushaji wa mbio ndiye mtumwa wa mchezo huu. Wachezaji wakubwa wamefungwa vyombo vya kupimia mwendo, ikaonekana ya kuwa katika mchezo wa siku nyingi mrushaji wa mbio aweza kwenda zaidi ya kilomita 20 kwa siku, akichanganya kutembea na kukimbia. Hilo si baya. La hatari ni tendo lenyewe la kurusha. Mguu wa mbele ukitua, ardhi huujibu kwa kishindo cha mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Wakati uo huo uti wa mgongo umeinama nyuma, umepinda upande, tena unazunguka. Mifupa ya kiunoni mwa kijana haijakomaa. Akirudia tendo hilo mara nyingi bila kupumzika, ufa mdogo huanza katika pingili za chini, na kwa kawaida huanza upande ulio kinyume cha mkono wake. Anayerusha kwa mkono wa kulia huumia kushoto.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyofundisha zamani, nilikuwa na mvulana wa miaka 15 aliyerusha vizuri kuliko wote. Kwa sababu alikuwa mzuri, nilimtumia. Nilimtumia Jumatano, nikamtumia Ijumaa, nikamtumia Jumamosi asubuhi na alasiri. Aliponiambia mgongo unamwuma upande mmoja, nilimwambia ajikaze, ndio uanaume. Alijikaza. Mwisho wa muhula alikuwa hawezi kuinama kufunga viatu, na daktari alimkataza michezo yote kwa miezi mingi. Hakurudi tena kwenye kriketi, ingawa alipona. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonisumbua hata leo.

Si kwamba ufa huo ni mwisho wa mtu. Dennis Lillee wa Australia alivunjika namna hiyo mgongoni mwaka 1973, timu yake ilipokuwa West Indies. Alifungwa plasta kiwiliwili, akapumzika, akajenga upya nguvu za mwili na namna ya kurusha, akarudi mwaka 1974. Alipostaafu mwaka 1984 alikuwa ameangusha wiketi 355 katika michezo ya kimataifa ya siku tano, na wakati huo hakuna aliyekuwa amefikia hapo. Lakini Lillee alikuwa mtu mzima, tena mwenye madaktari na muda. Mtoto wetu hana hayo yote.

Mwongozo uliotumika Uingereza kwa warushaji wa mbio umeweka mipaka iliyo rahisi kushika. Aliye chini ya miaka 13 asirushe zaidi ya ova 5 mfululizo, wala zaidi ya 10 kwa siku. Wa miaka 14 na 15, ova 6 mfululizo na 12 kwa siku. Mipaka hiyo sasa imebandikwa mlangoni mwa chumba cha vifaa, na nahodha anayeivunja anatolewa unahodha, hata kama timu inashindwa. Tena, kijana akisikia maumivu ya upande mmoja wa kiuno yanayozidi anapojinyoosha nyuma, asijikaze. Aniambie. Na akiogopa kuniambia, amwambie mama yake.

Habari ya mpira wenyewe haina maneno mengi. Mpira wa kriketi ni ngozi iliyoshonwa juu ya kizibo na nyuzi, uzito wake karibu gramu 160, nao ni mgumu kama dafu changa. Ukirushwa kwa kilomita 140 kwa saa, mpigaji anao muda wa nusu sekunde tu. Tarehe 25 Novemba 2014, katika kiwanja cha Sydney, mpigaji wa Australia Phillip Hughes alipigwa shingoni, chini kidogo ya helmeti yake. Mshipa upelekao damu ubongoni ulipasuka, naye akafa siku mbili baadaye, akiwa na miaka 25. Kifo cha namna hiyo ni cha nadra sana, na sikiandiki ili kumtisha mzazi. Nakiandika kwa sababu kilibadili mambo. Helmeti ziliongezewa kinga ya shingo, na Australia iliifanya kinga hiyo kuwa lazima kwa wachezaji wake wakubwa mwaka 2023. Na tangu mwaka 2019 sheria za kimataifa huruhusu mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo atolewe na mwingine aingie mahali pake.

Kwetu sisi, mpira mgumu hautumiki bila helmeti yenye wavu wa chuma, glavu, pedi na kinga ya kinena. Helmeti tulizo nazo hazitoshi watu wote, basi wadogo hutumia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa fundi umeme. Huko Pakistan vijana huucheza mpira wa namna hiyo mitaani kila jioni, wala hawauonei haya. Aliyepigwa kichwani hutoka, na siku hiyo harudi, hata akiapa kwamba yu mzima. Anayeona kizunguzungu, anayetapika ama anayesahau mambo hupelekwa hospitali mara moja.

Kisha jua. Kriketi ni mchezo wa saa nyingi, na jua letu mnalijua. Mwezi Septemba mwaka 1986, huko Madras katika India, mji uitwao leo Chennai, Dean Jones wa Australia alipiga zaidi ya saa nane katika joto kali. Alifunga mikimbio 210, akitapika kiwanjani, na baadaye akapelekwa hospitali kutiwa maji mwilini. Watu humsifu kwa ushujaa. Mimi namsikitikia. Mwili uliokaukiwa hauwezi kujipoza, damu inakuwa nzito, moyo unahangaika, na akili inapotea kabla mtu hajajijua. Tunapumzika kunywa maji kila baada ya ova tano, kiu iwepo isiwepo. Kijana akienda haja ndogo akaona rangi ya chai, ajue amechelewa.

Richie Benaud, nahodha wa Australia wa zamani ambaye baadaye sauti yake ilijulikana duniani kote kwa kutangaza mchezo huu, alieleza mwaka 2014 kwamba anatibiwa saratani ya ngozi ya kichwa na kipaji, akajuta ya kuwa katika ujana wake hakuvaa kofia. Alifariki mwaka uliofuata. Ngozi nyeusi hukingwa zaidi na hatari hiyo, lakini tunao wenzetu wenye ualbino, na kwao saa tatu za jua la mchana ni jambo zito. Wao pia wanapenda kucheza. Mavazi ya kriketi yanawasaidia, maana ni mikono mirefu, suruali ndefu na kofia pana. Mafuta ya kukinga jua yaongezwe juu ya hayo, na zamu yao iwe asubuhi mapema ama baada ya saa kumi. Asiwepo mtu wa kuwaambia wakae darasani.

Mpaka hapa nimesema habari za mwili. Lakini nadhani kriketi huufundisha moyo zaidi, kwa njia isiyopendeza. Katika mpira wa miguu ukikosa bao, dakika ya pili unaweza kulifunga. Mpigaji wa kriketi akikosa mara moja, amekwisha. Hutembea peke yake kutoka kiwanjani, watu wote wakimtazama, huketi, na pengine hana kazi mpaka jioni. Sijui mchezo mwingine unaompa mtoto wa miaka 14 nafasi kubwa hivyo ya kuketi na kosa lake.

Donald Bradman wa Australia, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora kupita wote, alitoka kupiga kwa mara yake ya mwisho ya kimataifa katika kiwanja cha Oval, London, tarehe 14 Agosti 1948. Alihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake wa maisha uwe 100 kamili. Mpira wa pili ulimpita, ukavunja wiketi. Sifuri. Wastani wake ukabaki 99.94, na ndivyo unavyosomwa mpaka leo. Niwasomeapo habari hii vijana waliotolewa kwa sifuri, huwa wanacheka kidogo, kisha wanaomba maji.

Walakini tusiseme kwamba mchezo huponya kila huzuni. Marcus Trescothick, mpigaji mkubwa wa Uingereza, aliiacha timu yake India mwaka 2006 akarudi nyumbani. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alieleza wazi kwamba ulikuwa ugonjwa wa moyo kuzama na hofu, uliozidishwa na kukaa mbali na watu wake. Aliacha kusafiri na timu ya taifa, lakini aliendelea kuichezea Somerset, karibu na nyumbani, mpaka mwaka 2019. Alikuwa na nguvu, alikuwa na sifa, alikuwa na fedha, na bado aliugua. Wanafunzi wa bweni wanaweza kumfahamu kuliko sisi wakubwa. Kijana aliyeacha kula, asiyelala, anayejitenga na wenzake, hakosi ushujaa. Ni mgonjwa, na mlango wa mwalimu wa malezi uko wazi kwake kama ulivyo wa mganga kwa mwenye malaria.

Lipo jambo jingine linalonipendeza. Mchezo huu hauwafukuzi watu upesi. Mwaka 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, ikaishinda Papua New Guinea huko Guyana. Mrushaji wao Frank Nsubuga alirusha ova zake nne, akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Alikuwa na miaka 43. Harushi kwa mbio. Hurusha polepole kwa akili, na mgongo wake unamshukuru. Wala si mchezo wa wavulana peke yao. Wasichana wa Rwanda walio chini ya miaka 19 waliishinda West Indies katika Kombe la Dunia la mwaka 2023. Na huko Laikipia, Kenya, wako vijana wa Kimaasai wanaocheza wakiwa wamevaa shuka na shanga zao, na ambao wametumia michezo yao kuwafundisha watu habari za UKIMWI na kupinga ukeketaji wa wasichana. Afya ya kijiji kizima imepata kuhubiriwa mbele ya wiketi tatu.

Kwa muhula ujao, mazoezi ni Jumatatu na Alhamisi, saa kumi alasiri. Tunawaomba wazazi wampe kila mchezaji kofia pana na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mtoto akiwa na pumu, kifafa, sikoseli, ama maumivu ya mgongo yasiyokwisha, tafadhali tuandikieni kabla ya wiki ya kwanza kupita. Hatutamtoa mchezoni kwa sababu hiyo. Tutampangia kazi inayomfaa, kwa ushauri wa daktari. Anayeweza kushona atusaidie pedi sita zilizopasuka.

Na yule mzee, akirudi siku ya wazazi, atamkuta mwanawe karibu na wiketi. Kiti chini ya mwembe tumemwekea yeye.